Wiki Tisa za Kulisha Maji Matupu

Kama umenunua tangi la samaki leo asubuhi na unataka kutia samaki leo jioni, nakuomba ununue na jembe kabisa, maana utachimba kaburi kabla wiki haijaisha. Sikutishi. Mimi nimezika samaki arobaini kwa mikono yangu nyuma ya hoteli moja ya Sumbawanga, kwenye shina la mgomba, na mgomba ule ukazaa mkungu ambao wapishi waligombania. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye tangi langu la kwanza.

Naitwa Aleksi, mzaliwa wa Kate, na nimefanya kazi ya samaki wa mapambo mpaka magoti yalipogoma kuinama. Vijana wa mtaani wakipita kwangu hawasemi shikamoo. Wanasema, "Mambo, Bwana Samaki!" Nami nawajibu "Poa" kwa sauti kubwa, mama zao wasikie. Hao hao ndio wanaoniletea simu zenye picha za samaki waliolala ubavu, wananiuliza, "Mshikaji, huyu amelala au?" Amelala, ndiyo. Usingizi wa moja kwa moja. Basi nimeona bora niandike, ili siku nyingine wakija niwape karatasi nirudi kunywa chai yangu.

Nilianza kazi hii Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Watu wengi tulikuwa tumepunguzwa kazini, na kila mmoja alikuwa anatafuta kitu cha kuuza. Wengine waliuza mitumba, wengine betri za redio, na kulikuwa na mtu mmoja mwenye akili zake aliyegundua kwamba wazungu wananunua samaki wadogo wa kwenye miamba, wale tuliokuwa tunawaona hawafai hata kwa supu. Wanawanunua wazima, wanawaweka sebuleni na kuwatazama. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilidhani nafanyiwa mzaha. Mtu ana hela ya kununua samaki, halafu hamli?

Mkuu wa matangi pale Kipili alikuwa Mzee Ponsiano, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alinifundisha kila kitu bila kunieleza hata kimoja. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umemuomba mke. "Usioshe hiyo," anasema. Kwa nini, mzee? "Kwa sababu nimesema." Nikimwona ananyunyizia chakula kidogo kama chumvi ya mchuzi, nikasema samaki watakufa njaa, anajibu, "Wewe umewahi kuona samaki amekufa njaa? Huwa wanakufa kwa wema wa watu." Hilo liandikeni mahali.

Kosa langu lilianzia hapo. Matangi ya Kipili niliyakuta yamekwisha kuzeeka. Yana ukungu wa kijani, vichujio vina tope, sponji zinanuka, na samaki wanacheza ndani kama wako kwao. Sikuwahi kuona tangi likianza. Nilijua kuhudumia samaki kama mtu anayejua kuendesha gari lililokwisha kuwashwa na mwingine.

Sasa akatokea Deo. Huyu alikuwa tajiri mpya wa Sumbawanga, aliyeanza na baiskeli moja ya kubebea sukari mpakani Kasesya, akaishia na malori mawili na hoteli ya ghorofa moja. Alikuwa amesafiri hadi Lusaka, akaona tangi la samaki kwenye ukumbi wa hoteli, na tangu siku ile hakulala vizuri. Akaagiza vioo vinene, vikapita Kasesya vikiwa katikati ya magodoro, na fundi akaunga tangi refu kuliko kitanda cha watu wawili. Lilichukua lita elfu moja na mia mbili. Kisha akaja Kipili kutafuta mtu, na Mzee Ponsiano akaninyooshea kidole bila kuinua kichwa.

"Huyu anajua?" Deo akauliza.

"Anajua kubeba ndoo," akasema Ponsiano.

Deo akadhani ni sifa, nikaajiriwa.

Siku naondoka, Ponsiano alinipa vitu viwili. Kwanza, kiboksi chenye vichupa vya dawa ya kupimia maji, ambacho mnunuzi mmoja alikuwa amekiacha. Pili, sponji kuukuu ya kichujio, imelowa, nyeusi, inanuka kama kinamasi, ndani ya ndoo yenye mfuniko. "Hii iweke kwenye tangi jipya," akasema. "Isikauke. Usioshe." Kisha akageuka akaenda zake.

Nikapanda nyuma ya lori la mahindi pamoja na abiria wengine kumi na kitu. Tulipofika Chala, ile ndoo ilikuwa imeanza kuzungumza. Mama mmoja akaniuliza kama nimebeba maiti ya mtoto. Wengine wakasema ama ndoo ishuke ama mimi nishuke. Basi, lori liliposimama kutia maji, nikashuka hadi kijitoni na kipande cha sabuni, nikaisugua ile sponji ya Mzee Ponsiano mpaka ikarudi rangi yake ya manjano, nikaianika juu ya bomba la mlango wa lori. Ikafika Sumbawanga imekauka, inapendeza, inanukia sabuni. Abiria walinishukuru. Mmoja alinigawia muhogo.

Mnacheka? Haya, chekeni. Mimi nilikuwa najivunia.

Sisi watu wa huku juu tuna ugonjwa wa usafi. Mgeni akija, hata mawe ya jikoni yanasuguliwa. Kwa hiyo tangi la Deo nililisafisha kama altare. Mchanga niliuosha mara saba. Mawe niliyachemsha. Kioo nilikipiga dawa ya choo, nikasuuza. Maji nikajaza, yakatulia yakawa meupe hivi kwamba ukitazama kutoka upande mmoja unamwona mtu wa upande wa pili akikutazama na uso wake mkubwa. Siku ya pili wakaja samaki arobaini kutoka Kipili, wa njano, wa bluu, wenye mistari. Padre akabariki hoteli nzima na tangi likapata matone yake. Deo akavaa suti.

Siku ya nne samaki wakaanza kupanda juu, midomo nje, wanatweta. Mashavu yao yakawa mekundu. Nikasema, aha, maji yamechafuka. Nikatoa maji yote, nikasugua kila kitu upya kwa sabuni, nikajaza mengine ya bomba palepale. Siku ya tano walikufa kumi na mmoja. Nikasugua tena. Siku ya nane alikufa wa mwisho, dume moja la bluu lililokuwa likinifuata nikipita na kitambaa. Nilimshika mkononi nikamtazama. Niliona haya, vijana. Si huzuni tu, haya. Nilijua kuna jambo sijui, na kutojua kwangu ndiko kumemuua.

Mjini zikaanza stori. Mnajua mji wetu unavyosemwa huko nje kwa uchawi. Wakasema Deo amerogwa na wenye hoteli nyingine. Mchawi gani huyo, jamani, anayeacha malori mawili mazima barabarani akaja kuroga samaki wa urembo? Lakini Deo aliitaka sana habari hiyo, maana ilikuwa inamfanya aonekane mtu wa kuonewa wivu. Mimi pia niliitaka, maana ilikuwa inaniokoa. Aliyetuharibia wote wawili ni Mama Leokadia.

Mama Leokadia alikuwa mpika pombe ya ulezi, mwenye nyumba nyuma ya hoteli, na ndiye aliyeuza pombe kwa wafanyakazi wote wa Deo. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakumwogopa mtu aliye hai. Nilikwenda kwake mchana mmoja kunywa aibu yangu. Akauliza samaki wamekufaje, nikamweleza yote, kuanzia ile ndoo, sabuni, kijito, mpaka dawa ya choo.

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Umeosha?" akasema. "Mwanangu, umeosha?"

"Nimeosha, mama. Vizuri kabisa."

Akanishika mkono akanipeleka kwenye vyungu vyake. Kulikuwa na vikubwa vitatu, vyeusi, vimejaa nyufa na utando. Pembeni kulikuwa na kipya, chekundu, kizuri.

"Hivi vitatu siviweki sabuni hata kidogo. Navisuuza kwa maji, basi. Kinachoiva pombe kinakaa humo kwenye nyufa, kinangoja. Nikitia uji wa ulezi, kinaamka kinakula, pombe inaumuka. Hiki kipya hakina mtu ndani. Nikipika humo pombe ya kuuza, itachacha vibaya, itawaumiza watu matumbo. Kwa hiyo kwanza nakitia uji kidogo, na masimbi kidogo, yale mashapo ya chungu cha zamani. Unaharibika, namwaga. Natia tena, namwaga. Wiki kadhaa, mpaka kishike. Ndipo natia wa kuuza. Sasa wewe umepewa masimbi ya chungu cha zamani, ukayafua kwa sabuni!"

Nilikaa pale nikiwa nimeshika kibuyu, kichwa kinazunguka, na sikuwa nimenywa. Kila neno la Ponsiano likanirudia. Usioshe. Isikauke.

Usiku ule nikasoma kwa mara ya kwanza karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya kile kiboksi cha vichupa. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Samaki anakojoa na kupumua ndani ya maji yaleyale anayoishi. Uchafu wake ni amonia, na amonia ni sumu. Ziwani inapotea, tangini haina pa kwenda. Kuna vijidudu wanaoila hiyo amonia, lakini nao wanaacha sumu ya pili, iitwayo naitraiti, inayomfanya samaki ashindwe kupumua hata maji yakiwa na hewa. Halafu wanakuja vijidudu wa kundi la pili, wanaokula hiyo naitraiti na kuacha naitreti, ambayo ni nafuu, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji kiasi kila wiki. Makundi haya mawili yanakaa kwenye sponji, mchanga na mawe. Hayaonekani na hayana haraka. Tangi jipya halina mtu ndani, kama alivyosema Mama Leokadia. Unapotia samaki arobaini siku ya pili, unawafungia chooni.

Nikamwendea Deo nikamwambia ukweli: hakuna mchawi, ni mimi.

"Kwa hiyo nikufukuze?"

"Unaweza, bosi. Lakini nipe tangi nilianze upya. Ila litakaa bila samaki wiki kadhaa."

"Vyumba vimeanza kulaza watu, lakini ufunguzi rasmi ni Jumatatu ya Pasaka. Nimekwisha kualika watu." Akanisogelea. "Wakifa tena, Aleksi, usinipe maelezo. Wewe panda lori lolote linaloelekea Kate ukalime."

Kaka yangu alikuwa Kate, analima mahindi, na alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba nitarudi kabla ya mavuno. Ndiyo hiyo ilikuwa hali yangu. Na bado lilikuwa linanijia lile dume la bluu.

Nikashuka Kipili. Ponsiano aliposikia habari ya sabuni hakucheka. Alinipa sponji nyingine, akanitukana tusi moja refu ambalo siwezi kuliandika kwa sababu ya heshima ya mama yangu, akarudi kazini. Safari hii niliipakata ndoo mfuniko wazi, kila nilipopata maji safi ya mto nikiongeza kidogo ili hewa iingie. Abiria waliponuna nikawaambia ni dawa ya ng'ombe. Wasukuma wawili waliokuwa wanahamia Milepa na mifugo yao wakataka kuinunua.

Tukaanza Jumatano ya Majivu. Maji ya bomba niliyaacha kwenye mapipa wazi siku mbili ili dawa ya mji itoke, maana dawa hiyo haibagui vijidudu wabaya na wazuri. Nikatia mawe na makombe kutoka ziwani, kwa sababu maji ya huku ni laini na samaki wale wamezoea maji mazito, yenye chokaa. Nikafunga sponji. Kisha nikachukua kipande cha samaki kibichi, nikakitia ndani ya soksi, nikakitumbukiza kwenye tangi lisilo na samaki, kioze, kitoe amonia, vijidudu wapate kula. Siku hizi mnanunua amonia dukani kwenye chupa na mnapima kwa matone. Sisi tulikuwa na soksi.

Deo akapita.

"Hii nini?"

"Nalisha, bosi."

"Unalisha nini?"

"Maji."

Akaita mhasibu aje kuona. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza mkoa mzima kulipwa mshahara kwa kulisha maji.

Kila siku nilipima. Kichupa cha amonia kikawa kijani, halafu baada ya wiki mbili kikaanza kurudi njano. Nikashangilia mapema. Ndipo kipimo cha pili, cha naitraiti, ambacho kikiwa salama huwa bluu ya mbinguni, kikageuka zambarau, ile zambarau ya joho la Kwaresima. Kikagoma hapo. Wiki ya tatu zambarau, wiki ya nne zambarau. Kwa karatasi ya kiboksi, tungekuwa tumemaliza.

Siku moja nimetia mkono kwenye tangi, nikautoa haraka. Maji yalikuwa baridi kama ya kisima. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa Ufipa analijua: ziwa liko chini kwenye joto, sisi tuko juu tunavaa masweta. Vijidudu wa Kipili walikuwa wamekaa kwenye sponji wamejikunyata kama wageni kutoka Dar. Nikachukua blanketi tatu za hoteli nikalifunika tangi pande zote. Likapata nafuu kidogo. Lakini wageni wawili wa vyumba vya juu wakalalamika baridi, Deo akatafuta blanketi, akazikuta zimevikwa maji. Sauti yake ilisikika sokoni. Hata hivyo, nampa haki yake, kesho yake aliagiza hita mbili za tangi kupitia Kasesya.

Umeme nao ulikuwa na hiari yake. Ukikatika pampu inasimama, na vijidudu wanahitaji hewa kama wewe. Mchana mmoja nilisimama saa nne nzima nachota maji kwa jagi na kuyamwaga juu ya sponji, chota, mwaga, chota, mwaga. Mgeni mmoja akamuuliza karani kama hoteli imemwajiri mgonjwa.

Ikafika Jumatatu ya Pasaka. Asubuhi nikapima. Zambarau. Imefifia, lakini zambarau. Na hapo hapo gari la Deo likaingia uani likitoka Kipili, nyuma kuna mapipa, ndani ya mapipa kuna samaki kumi na wanane. Hakuniambia. Alikuwa amewaagiza mwenyewe.

"Tia," akasema, suti ikiwa mwilini.

"Bosi, bado."

"Jana tumeimba Aleluya, wewe bado uko Kwaresima?"

Nikamwinulia kichupa aone rangi. "Hii inaua kama ile iliyowaua wale wengine. Wiki mbili, tatu zaidi."

"Hoteli ya nani hii?"

"Yako."

"Tangi la nani?"

"Lako. Tia wewe. Ndoo ile pale. Mimi mkono wangu hautatia."

Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimekwisha kuiona sura ya kaka yangu. Deo alishika ndoo kweli. Akaitumbukiza ndani ya pipa, ikatoka na samaki wawili. Akaanza kuelekea ukumbini.

Mlangoni akakutana na Mama Leokadia, ambaye alikuwa ameleta pombe ya sherehe, madumu kumi na mawili, na wapagazi wake.

"Unapeleka wapi hao?"

"Kwenye tangi, mama."

"Aleksi amesema limeshika?"

"Aleksi ni mfanyakazi wangu."

"Sawa, baba." Akawageukia wapagazi. "Twendeni. Rudisheni madumu nyumbani."

"Mama! Wageni wako njiani!"

"Mimi sileti pombe kwenye nyumba ya mtu asiyesikia chungu kipya ni nini. Kesho utaniambia na mimi niuze isiyoiva." Na madumu yakaanza kuondoka, moja baada ya jingine, yanapita getini vichwani mwa watu.

Dumu la tano lilipofika getini, Deo akairudisha ndoo kwenye pipa. Bila samaki hoteli ingefunguliwa. Bila pombe, Sumbawanga, siku ya Pasaka? Angehama mji.

Basi tukafungua na tangi tupu. Taa zinawaka, mapovu yanapanda, mawe yamepangwa vizuri, na hakuna kiumbe. Mgeni wa kwanza akauliza samaki wako wapi. Deo, mfanyabiashara yule, hakumeza hata mate. "Wamejificha," akasema. "Hawa wa ziwani wana aibu."

Watu wakainama kutazama. Nusu saa baadaye mwalimu mmoja akapaza sauti kwamba ameona mkia. Wa njano. Jirani yake akasema hapana, ni wa bluu, amemwona vizuri. Wakabishana, wakaagiza pombe, wakarudi kutazama. Saa tisa kulikuwa na foleni. Mzee mmoja alinieleza mimi, mtunza tangi, tabia za samaki aliyemwona nyuma ya jiwe. Nimefuga samaki maisha yangu yote na sijawahi kuwa na samaki waliopendwa kama wale ambao hawakuwepo.

Wale wa kwenye mapipa niliwahifadhi stoo. Kila siku nilitoa theluthi ya maji na kuwawekea mengine, na gari la Deo likishuka ziwani nililipakia mapipa matupu liniletee maji ya kwao hasa. Walikufa watatu. Niliwaandika kwenye daftari langu, na nawataja hapa kwa sababu sitaki mdhani niliokoa wote.

Wiki ya tisa, siku ya Jumatano, nikatia matone, nikatikisa, nikangoja dakika zangu tano nikitazama ukutani. Nilipogeuka, kichupa kilikuwa bluu. Nikapima tena. Bluu. Nikatia tena soksi kujaribu, kesho yake amonia sifuri, naitraiti sifuri. Ndipo nikatia samaki sita. Sita tu, kwa sababu vijidudu huongezeka kufuatana na chakula chao, na ukiwaletea karamu ghafla wanazidiwa. Deo alitaka kumi. Nikamwambia sita. Akasema nane. Nikamtazama tu, kama Mzee Ponsiano.

Siku ya nne nilipita ukumbini natembea kwa upande, sitaki kuona. Walikuwa wanaogelea chini, mashavu yamefungwa vizuri. Siku ya tano, ya sita, ya saba. Asubuhi ya siku ya nane nilifika hotelini mapema, nikasimama nje ya mlango, nikashindwa kuusukuma. Siku ya nane ndiyo alikufa yule wa mwisho safari iliyopita. Nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Ni Deo, amevaa malapa na kanga ya mkewe mabegani.

"Ingia," akasema.

"Ingia wewe, ni hoteli yako."

"Wewe ndiye Bwana Samaki."

Tukaingia pamoja, tukakwama mlangoni kidogo, tukafika. Nikahesabu. Watano wako mbele wanangoja chakula. Wa sita yuko peke yake nyuma ya jiwe, hasogei. Nikatia chakula kidogo, watano wakala. Yule hakuja.

"Anakufa," Deo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aleksi, huyo hali. Anakufa."

Nami niliamini hivyo. Nikapiga magoti, nikaegemeza uso kwenye kioo, nikamtazama kwa karibu kuliko nilivyowahi kumtazama samaki yeyote. Alikuwa jike. Mashavu hayakuwa mekundu, mapezi yamesimama, macho maangavu. Ila mdomo ameufunga, na chini ya kidevu amevimba, na kila mara anatafuna bila kuwa na kitu cha kutafuna.

Nilikaa chini sakafuni nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

"Nini?" Deo ananitikisa bega. "Nini?"

"Ana mayai mdomoni, bosi. Hawa hutunza watoto mdomoni. Hatakula mpaka watoke, wiki tatu nzima. Hawazai mahali wasipopaamini."

Deo akapiga magoti pembeni yangu, yeye na kanga yake. Karani alipoingia na kuwasha redio, akamwonyesha kwa mkono azime.

"Anahitaji nini?" akaninong'oneza. "Sema, nitaagiza leo hii."

"Hahitaji kitu. Tumwache tu."

Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Deo akaacha.